Afya ya Nyumba: Kiangazi Kinakwisha, Tuwatazame na Wanyama Wetu



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi wa Septemba umeingia, na hapa Kipalapala, kama ilivyo katika nchi yote ya Unyamwezi, kiangazi kimefika ukingoni. Majani yamekauka, vumbi la barabara ya Tabora latua juu ya vyombo, visima vifupi vyatoa maji machache yenye tope, na jioni huonekana moshi wa mioto ya porini. Mwezi wa Novemba, Mwenyezi Mungu akipenda, mvua zitaanza kushika, nazo aghalabu huendelea mpaka Aprili. Muda huu ulio kati ya joto na mvua ndio muda wa kujiandaa. Basi mwezi huu twataka kusema juu ya afya ya watu wa nyumba, na ya wanyama wanaokaa nao: paka, kuku, mbuzi na punda. Mwisho tutasema, tena kwa kirefu kidogo, juu ya mbwa, ambaye katika nyumba zetu nyingi hutajwa kwa nadra.

Pengine msomaji atauliza: Gazeti la Waislamu lina habari gani na kuku na mbwa? Je, hiyo si kazi ya bwana mifugo? Sisi twajibu kwamba nyumba ni moja. Maji anayokunywa mtoto hutoka katika kisima kile kile wanachonyweshewa mbuzi, na ua anaochezea ndio mbwa hulala. Maradhi hayatambui mpaka kati ya mtu na mnyama. Tena mnyama tuliyemfunga uani hana ulimi wa kueleza kiu yake wala homa yake. Ametiwa mikononi mwetu, naye ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa.

YALIYOWAPATA WALIOTUTANGULIA

Nchi hii yetu ina ushahidi wa maneno hayo. Misafara ya pwani ilipita hapa miaka mingi, ikitoka Bagamoyo, ikipumzika Tabora, kisha ikielekea Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyafuata majira: waliondoka kiangazi, na wengi wao walipenda wawe wamerudi makwao kabla ya mvua ili wapate kulima. Lakini kwa nini pembe za ndovu, vitambaa na shanga vilibebwa mabegani mwa watu, mwendo wa miezi mitatu na zaidi, na hali katika nchi nyingine mizigo kama ile ilichukuliwa na ngamia na farasi?

Sababu moja kubwa ilikuwa maradhi ya wanyama. Punda walikuwapo, lakini walikuwa wachache, na wengi walifia njiani. H. M. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla msafara haujafika mbali. Maradhi yaliyowaua wanyama wa misafara yalikuwa ya namna nyingi, na mojawapo lililo kubwa ni nagana. Mwaka 1895, huko Zululand, tabibu David Bruce alibainisha kwamba mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huchukua kijidudu katika damu ya mnyama mmoja akamtia mwingine. Basi na tufikiri: mnyama alishindwa kuishi, na mzigo wake ukahamia begani mwa mwanadamu, ukakaa hapo mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Ndiyo maana twasema kwamba afya ya mnyama na afya ya mtu si mambo mawili.

Wala mbung'o hajatoweka. Yumo katika misitu ya miombo ya upande wetu huu wa magharibi, na mbung'o huyo ndiye anayemwambukiza mtu malale. Warina asali wetu, na vijana wanaokwenda porini siku nyingi kwa kazi ya mbao au uwindaji, wayakumbuke haya. Mtu akirudi akashikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, au akaota kidonda kilichovimba mahali alipoumwa, na aende hospitali upesi, na amweleze daktari kwamba alikuwa porini. Asingoje mpaka usingizi umshinde, kwa kuwa hapo maradhi yamekwisha kufika kichwani. Na mbwa aliyefuatana naye, akikonda na macho yake yakaingia ukungu, yafaa aonyeshwe bwana mifugo, maana nagana humpata mbwa pia.

WATU WA NYUMBA

Kwanza ni maji. Mwisho wa kiangazi maji hupungua na uchafu huzidi, na mvua ya kwanza, badala ya kusafisha, huyasomba machafu ya miezi mingi ikayatia visimani. Ndiyo sababu kuhara na homa ya matumbo huongezeka mvua zinapoanza, na kipindupindu nacho hupata njia. Basi kabla ya Novemba, mdomo wa kisima uinuliwe na ufunikwe, ndoo ya kutekea isilazwe chini, na wanyama wanyweshwe kwa hori lililo mbali na kisima. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini. Mwislamu hutawadha mara tano kwa siku. Lakini udhu si badala ya sabuni mtu atokapo chooni au anapotaka kupika. Mikono na ioshwe kwa sabuni, kisha ndipo udhu.

Pili ni mbu. Mbu wa malaria wakingoja mvua, sisi tusingoje. Chandarua kilichotoboka kishonwe sasa. Makopo, mipira ya magari na vifuu viondolewe uani, na mashimo yaliyochimbwa kwa udongo wa matofali yafukiwe. Mama mja mzito na mtoto aliye chini ya miaka mitano wasikose kulala ndani ya chandarua hata usiku mmoja. Na mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku ile ile, asipewe vidonge vilivyobaki vya ndugu yake.

Tatu ni vumbi na joto. Macho mekundu ya watoto yaoshwe kwa maji safi, na kila mmoja awe na kitambaa chake, kwani kitambaa kimoja kwa watoto wanne ni njia ya kuyaambukiza macho manane. Wazee wanywe maji ingawa hawaoni kiu. Na maembe yatakapoiva, yaoshwe kabla ya kuliwa, na maganda yafukiwe, maana nzi akishiba ganda huja kupumzika juu ya chakula.

WANYAMA WA NYUMBA

Paka ni mwenzetu wa ndani. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaotuzunguka nyumbani, na sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Pia tumefundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Mwezi huu, ghala zikiwa na mahindi, watu wengi hutega panya kwa sumu. Panya aliyekula sumu huliwa na paka, na paka hufa kwa uchungu. Tena sumu ile yaweza kufikiwa na mtoto. Aliye na paka hodari ana haja gani na sumu? Na ampe maji, kwani panya peke yake hawamwondolei kiu. Apelekwe pia kuchanjwa kichaa pamoja na mbwa, kwa kuwa naye huambukizwa.

Kuku hupatwa na mdondo, ambao wengine huuita kideri, hasa katika miezi hii ya joto. Huanza kwa kuku mmoja kujikunyata, akaharisha kijani, shingo ikapinda, na baada ya siku chache ua wote ukawa mtupu. Dawa ya kuuponya hakuna, lakini chanjo ipo. Ile iitwayo I-2 hutiwa tone moja katika jicho, hurudiwa kila miezi mitatu, nayo hustahimili joto kuliko chanjo nyingine. Kuku mzima ndiye huchanjwa. Aliyekwisha kuugua amechelewa. Mgeni anunuliwaye mnadani atengwe siku kumi na nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Na aliye na kuku wagonjwa asiwakimbize sokoni kuwauza kwa mwenzake huku akinyamaza. Hiyo ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) ameikataza ghushi kwa maneno makali.

Mbuzi na ng'ombe, mvua zikianza, hushambuliwa na kupe, na majani mabichi huwaletea minyoo. Waogeshwe kwa dawa na kunyweshwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo, wala asipimiwe mnyama kwa kubahatisha. Maziwa yachemshwe kila mara.

Punda ndiye mwenye shida kubwa sasa, kwa kuwa maji yakiwa mbali yeye ndiye huyachukua, na mara nyingi huyabeba naye mwenyewe ana kiu. Anyweshwe kwanza, ndipo apakiwe. Mgongo wake utazamwe kila jioni. Penye kidonda pasiwekwe mzigo mpaka pamepona, na chini ya matandiko pawekwe kitambaa laini. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona ngamia aliyekuwa akilia, akamfuta, kisha akamwonya mwenyewe kwamba anamtia njaa na kumchosha. Kwetu Tabora badala ya ngamia ni punda. Hukumu ni ile ile.

MBWA ASIYE NA MWENYEWE

Sasa twaja kwenye neno ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika mwezi huu.

Katika viunga vya miji yetu na vijijini, zimo nyumba za Kiislamu zenye mbwa. Usiku hulinda mbuzi zizini, hufukuza nguruwe pori shambani, na hubweka mwivi akikaribia. Kunapokucha, mbwa yule hana mwenyewe. Ukimuuliza baba, atasema ni wa watoto. Ukiwauliza watoto, watasema alikuja mwenyewe. Hula majalalani, hufukuzwa kwa mawe, na siku mabwana mifugo watakapotangaza chanjo, hapatikani mtu wa kumshika na kumpeleka, kwa kuwa Mwislamu aona haya kuonekana akimwongoza mbwa barabarani. Haya hiyo ndiyo iletayo msiba.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa usiokuwa na mfano. Dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, takriban hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi mno katika Afrika na Asia, na katika kila kumi wanaokufa wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote wameambukizwa na mbwa. Tena ugonjwa huu huzuilika. Chanjo ya binadamu ipo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo ndiyo iliyofanywa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Basi ni mwezi huu huu.

Wako watakaosema: Mbwa ni najisi, nasi hatuna neno naye. Ndugu zetu, hukumu ya unajisi hatuipunguzi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu walio wengi katika Afrika ya Mashariki, chombo alichotia mbwa ulimi huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Wala hatumhimizi mtu kufuga mbwa kwa fahari au mchezo; aliye hana haja naye na amwache. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Qurani Tukufu imehalalisha windo la mbwa aliyefundishwa, na katika sura ya Kahf ametajwa mbwa aliyelala mlangoni akiwa pamoja na vijana wa pangoni. Na ni habari mashuhuri katika Hadithi, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa yule alikuwa najisi kama hawa wetu. Unajisi wake haukumzuia mtu yule kutenda wema, wala haukuzuia wema ule kupokewa.

Basi anayemtumia mbwa usiku, ajue kwamba ni wake hata mchana. Na kwa anayeogopa kuchafua nguo za Sala, wanavyuoni wetu wameeleza kwamba kikavu kikigusa kikavu hakinajisiki. Mfunge kamba au mnyororo mkavu, mwongoze kwa mbali, vaa nguo za kazi. Na kama mate yake au umajimaji wake umekugusa, ipo njia ya kujitoharisha uliyofunzwa chuoni tangu u mdogo. Maji na udongo tumepewa ili tufanye yaliyo wajibu kisha tujisafishe, si ili tuyaache.

Kama kuna anayedhani kwamba jambo hili haliwezekani mahali penye Waislamu wengi, na atazame Pemba. Kisiwa kile karibu watu wake wote ni Waislamu. Kwa kuwachanja mbwa, kichaa kilikoma huko mwaka 2014. Kisha mwaka 2016 kikarudi, kikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikapitishwa tena kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 kikakoma mara ya pili. Mafunzo ni mawili. La kwanza, mbwa wakichanjwa watu hawafi. La pili, ukilegea mwaka mmoja adui hurudi. Wataalamu wasema kwamba katika kila mbwa kumi wa mahali, saba wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Kuwapiga mbwa risasi au kuwatilia sumu hakukumaliza kichaa popote. Huwaua hata wale waliokwisha kuchanjwa, na mahali pao huja wengine wageni.

Na mtu akiumwa, au akikwaruzwa, au mate ya mnyama yakimpata penye kidonda, yafanywe haya bila kuchelewa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15 kamili. Lisitiwe mafuta, wala pilipili, wala tumbaku, wala majivu, wala lisifungwe kwa nguvu. Aende hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa ni wa jirani anayejulikana. Akianzishiwa sindano azimalize zote alizoandikiwa, maana ugonjwa huweza kujificha miezi miwili au mitatu, na hata mwaka, kisha ukajitokeza. Mbwa akishikika bila hatari, afungwe na atazamwe siku kumi, na bwana mifugo apewe habari. Kombe na azima tusizifanye badala ya sindano; anayetaka dua na aombe dua njiani kuelekea hospitali.

Watoto wafundishwe kwamba mbwa aliyebadilika tabia, mkali aliyekuwa mpole, au mpole asiyetaka kutoka gizani, anayetokwa na udenda na kung'ata miti, si wa kuchezewa wala kupigwa mawe. Na wafundishwe kusema. Watoto wengi huumwa wakaficha, kwa kuogopa kugombezwa kwamba walikuwa wakicheza na mbwa. Mama na baba, mtoto akisema ameumwa, fimbo iwekwe chini. Ukali wa siku ile waweza kumfunga mdomo, na kimya chake kikamuua.

Neno letu la mwisho ni kwa maimamu na kwa vijana. Maimamu, baada ya Sala ya Ijumaa, hutangaza maziko, harusi na michango. Tunawaomba mwezi huu watangaze na siku ya chanjo ya mbwa, na waseme wazi mimbarini kwamba kumpeleka mbwa wa ulinzi kuchanjwa si aibu. Vijana wa madrasa waliobaleghe, wenye nguvu, wajigawe mitaa, wawasaidie wazee na wajane kuwafunga na kuwapeleka mbwa wao. Nao wasisite kufuatana na majirani zetu Wakristo, walio wengi hapa Kipalapala, kwani mbwa wa jirani asipochanjwa, ukuta wa dini haumzuii kuruka uani kwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuletee mvua za rehema zisizo na madhara, awahifadhi watoto wetu na kila shari, na atufanye tuwe waaminifu juu ya viumbe aliowatia mikononi mwetu. Amin.